Nimebadili injini ya Corolla 110 uwani kwangu na mimi si fundi. Karibuni muulize, na mafundi mkosoe

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu.

Corolla yangu ni AE110, injini 5A-FE, gia ya otomatiki. Sasa inatembea na injini nyingine niliyoifunga mwenyewe hapa nyumbani Tabata, Dar es Salaam, nikishirikiana na mdogo wangu na jirani mmoja. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Kabla ya hapo nilikuwa nabadili plagi na brekipadi, basi. Naandika kwa sababu nilipokuwa natafuta maelezo ya Kiswahili nilikuta mabishano mengi kuhusu injini ipi ina mbio, na machache mno kuhusu kazi yenyewe.

Nianze na jambo ambalo watu huliruka: injini ya kwanza ilikufa kwa nini?

Ilikufa kwa kuchemsha. Bloku (mwili wa injini) za familia hii ni chuma cha kutupwa na hedi (kichwa kinachokaa juu yake) ni alumini. Joto likizidi, alumini inatanuka kuliko chuma, hedi inapinda, gasketi inaachia, na maji yanaingia kwenye oili. Oili ikishakuwa uji, beringi za krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) hazina tena kinga. Kwangu hedi ingeweza kupigwa fesi, yaani kusawazishwa uso (kiwanda kinaruhusu upinde wa 0.05 mm tu upande unaokalia bloku), lakini krenki ilishachimbika. Gharama ya kuchonga krenki, beringi, ringi na gasketi seti nzima ilipita bei ya injini ya mtumba kutoka Japani.

Kabla sijaenda kununua chochote, nilitoa rejeta na kuikagua. Gari nililinunua likiwa linatumia maji ya bomba, thamostati (valvu inayofungua njia ya rejeta maji yakipata joto) ilishang'olewa zamani, mfuniko wa rejeta mpira wake umekauka, na zaidi ya nusu ya njia za rejeta zimezibwa na kutu. Huyo ndiye muuaji. Ningefunga injini mpya na kurudisha rejeta ile, ningekuwa nimeipeleka injini ya pili kwenye kaburi la ya kwanza. Mjini hapa hilo linatokea kila siku, halafu lawama inamwangukia muuzaji wa injini. Kwa hiyo bajeti yangu ilianza na rejeta mpya, mfuniko wa 0.9 (kipimo cha presha), hosi zote za maji, thamostati na kulanti (maji maalumu ya kupozea injini). Injini ilifuata baadaye.

Na feni ipimeni. Kwenye Toyota za umri huu swichi ya joto ya feni inafanya kazi kinyume na wengi wanavyodhani: ukichomoa waya wake huku swichi ya gari iko ON, feni inatakiwa izunguke. Isipozunguka, tatizo liko kwenye feni, fyuzi au rilei. Ikizunguka, vyote hivyo ni vizima na wa kumtilia shaka ni swichi yenyewe.

Kununua. Nilizunguka kwa wauza vipuri wa Gerezani na Ilala. Ushauri wangu kwa anayeanza ni mfupi: nunua injini ileile uliyokuwa nayo, yenye jina lilelile (5A-FE kwa 5A-FE), na ikiwezekana ikiwa kamili, yaani na manifodi, stata, altaneta, distributa na waya wake. Kifaa kikikosekana kwenye moja unakipata kwenye nyingine.

Usikubali kuuziwa kwa kusikiliza mlio wa video. Fungua mfuniko wa oili utazame chini yake: ukiona kitu cheupe kama maziwa yaliyoganda, maji yalishaingia. Toa plagi zote nne uzilinganishe rangi. Weka soketi ya 19 kwenye boliti ya puli ya krenki uizungushe kwa mkono mizunguko miwili kamili, isikwame popote. Halafu omba kupima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Kama stata ipo na gia boksi bado imeshikana na injini, betri moja inatosha: plagi zote nje, throto wazi kabisa, piga stata. Kwa injini hizi ikiwa nzima unatarajia karibu psi 190. Ikiwa chini ya 142 imechoka. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 14. Muuzaji mmoja alikataa kata kata nisipime, nikamshukuru nikaondoka. Mwingine alinishikia waya za betri mwenyewe, na kwake ndiko nilikonunua. Dai risiti yenye namba ya injini. Namba imegongwa kwenye bloku; itazame kwa macho yako na uilinganishe na kilichoandikwa.

Kushusha. Hapa hakuna uchawi, kuna utaratibu. Betri nje. Mimina kulanti, oili na mafuta ya gia kwenye vyombo tofauti. Kulanti ina ladha tamu na ni sumu. Kama unafuga kuku au mbwa, usiiache kwenye beseni hata kwa muda wa chai. Oili chafu weka kwenye dumu, mafundi seremala wanaitafuta kupaka mbao dhidi ya mchwa.

Kila waya na kila hosi nilivibandika karatasi yenye namba pande zote mbili, kwenye kinachochomolewa na kinapotoka, kisha picha ya simu kutoka mbali na picha ya karibu. Boliti ziliingia kwenye vifuko vya plastiki, kila kifuko na jina la mahali: stata, altaneta, mauntingi (kishikio cha injini) ya mbele, na kadhalika. Ukiziweka zote kwenye kopo moja utajuta siku ya kurudishia, maana boliti ndefu ukiiingiza kwenye tundu la fupi inapasua alumini.

Kompresa ya AC sikuifungua mabomba yake. Niliifungua boliti tu nikaifunga kwa kamba pembeni, gesi ikabaki ndani. Pampu ya pawa stelingi vivyo hivyo. Draivu shafti zilitoka kwa mtarimbo mfupi, taratibu, bila kuchana sili. Nikatoa bonneti na rejeta, halafu injini ikatoka kwa juu ikiwa imeshikana na gia boksi. Kwa anayeanza naona hiyo ndiyo njia nafuu, kwa sababu kutenganisha na kuunganisha kunafanyika chini, mbele ya macho yako, badala ya kuhangaika gizani ndani ya gari.

Winchi ya injini niliikodi. Uwani kwetu ni mchanga, na magurudumu ya winchi kwenye mchanga yanazama upande mmoja mzigo unapokuwa juu, kwa hiyo tulitandika mabati mazito juu ya mbao kuanzia gari lilipo hadi pa kutulia injini. Injini peke yake inazidi kilo 100, ongeza gia boksi. Hakuna mtu kuingiza mkono chini yake, hata kama boliti ya dhahabu imedondoka.

Injini ikiwa chini. Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko kote na sijutii. Injini ya mtumba ukiwa nayo chini, sili ya nyuma ya krenki unaibadili kwa dakika chache. Ikishaingia garini na kuanza kuvuja, unashusha kila kitu upya. Nilibadili sili za krenki mbele na nyuma, sili za kemu (shafti zinazofungua valvu), taimingi belti (mkanda unaozizungusha) na beringi zake, wota pampu, gasketi ya kava ya valvu, plagi, na mauntingi mbili zilizokuwa zimepasuka mpira. Belti ya injini hizi hubadilishwa kila kilomita 100,000, na hujui ile ya mtumba imeshakula ngapi.

Taimingi weka alama zikutane, kisha zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili uangalie tena. Kukaza boliti tafuta toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) ya kuazima. Zile zinazobana gia boksi kwenye bloku, zenye kichwa cha 17 ni Nm 64, za 14 ni Nm 46. Boliti ya puli ya krenki Nm 118.

Sasa toki konveta (kifaa kinachounganisha injini na gia boksi ya otomatiki), na hapa naomba kila mwenye gari la otomatiki asome mara mbili. Konveta lazima ikae ndani kabisa ya gia boksi kabla hujaisogeza kwenye injini. Unaisukuma huku unaizungusha, na utasikia inadumbukia hatua kwa hatua. Ikibaki nje kidogo, gia boksi na bloku havitagusana, mtu atasema "tuvute kwa boliti", na hapo pampu ya gia boksi inavunjika kabla gari halijawaka. Gia boksi na bloku vinatakiwa vikutane kwa mkono. Mkono ukishindwa, rudi nyuma, konveta haijakaa.

Kuwasha. Nilitumia waya na kontroli boksi (kompyuta ya injini) za gari langu. Oili mpya, karibu lita 3, na filta mpya. Kabla ya kuiruhusu iwake, nilichomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli) nikapiga stata vipindi vifupi mpaka taa ya oili ikazimika, ili beringi zisianze kavu. Kisha fyuzi ikarudi. Iliwaka. Mke wangu alitoka jikoni akidhani ni gari la wageni.

Maswali karibuni.

#2

Hongera sana mwalimu, maelezo yameshiba. Ila nakuuliza, ukishashusha 5A kwa nini usipandishe kitu kikubwa? 4A, 7A, au hata 1NZ ya kisasa? Nguvu kazi ni ileile.

#3 Mleta uzi

Mkuu #2, nguvu kazi haiwi ileile.

4A-FE ndiyo ya karibu. Kwa umbo la nje ni ndugu pacha wa 5A: mwendo wa pistoni ni uleule wa 77.0 mm, tundu ndilo limeongezwa kutoka 78.7 hadi 81.0, ndiyo maana cc zinatoka 1498 hadi 1587. Inakaa kwenye mauntingi zilezile na gia boksi ileile. Anayeitaka achukue na kontroli boksi yake.

7A-FE ni cc 1762 na mwendo wa pistoni ni 85.5, kwa hiyo bloku yake imepanda juu. Hapo unaanza kukutana na mabano, ekzosi na hosi ambazo haziendani. Inawezekana, wapo waliofanya, lakini kwa mtu wa mara ya kwanza kila "haiendani" moja ni safari ya mjini.

1NZ ni familia nyingine kabisa: cheni badala ya belti, koili juu ya kila plagi badala ya distributa, mauntingi zake, gia boksi yake, mfumo wa waya wake. Unanunua nusu gari ili upate cc 1497, pungufu hata ya ulizokuwa nazo. Mimi nilitaka gari la kwenda kazini.

#4

Mimi ni fundi, miaka mingi kwenye Toyota. Kazi yako nimeipenda, hasa konveta na sili ya nyuma. Vijana gereji wanaacha sili ya zamani wanasema "haivuji". Haivuji kwa sababu haijawaka!

Mawili nakupinga. Kwanza, mafuta ya gia hujayasema. Baada ya kufunga konveta tupu, gia boksi itadai mafuta mengi kuliko uliyoyamimina kutoka sampu (bakuli la chini yake), kwa hiyo lazima uongeze kidogo kidogo gari likiwa linawaka, uipitishe gia zote, ndipo usome kijiti gari likiwa la moto. Aina ni Dexron, hata kama muuza duka anakushawishi vingine.

Pili, thamostati kwa joto la Dar ya nini? Sisi tunatoa, maji yanatembea bure, gari halichemshi.

#5 Mleta uzi

Fundi, asante kwa mafuta ya gia. Nilifanya hivyohivyo, na wanaosoma wachukue maneno yako badala ya kimya changu.

Kwenye thamostati sitakubali, na niruhusu nieleze maana hili linaua injini nyingi. Kwenye injini hizi thamostati iko upande maji yanapoingia injini, na nyuma yake ina valvu ya pili. Injini ikiwa baridi, njia ya rejeta imefungwa na njia ya mkato iko wazi, maji yanazunguka ndani kwa ndani. Ikifika nyuzi 80 hadi 84 thamostati inafunguka, na hapohapo ile valvu ya nyuma inaziba njia ya mkato ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi maisha. Sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Barabarani kwa mwendo huoni tofauti kwa sababu upepo unasaidia. Kwenye foleni ya Buguruni saa nane mchana, ndipo mshale unapopanda.

Vitabu vya Toyota vyenyewe vinaonya kwamba isitolewe hata injini ikiwa na tabia ya kuchemsha. Joto la Dar linafika nyuzi thelathini na kitu. Injini inafanya kazi kwenye themanini na zaidi. Hakuna jiji la joto kiasi cha kuifanya thamostati isihitajike.

#6

Nawasalimu kutoka Mombasa. Ndugu yangu mwalimu, umenitia moyo, nina 110 yangu imelala chini ya mwembe. Maswali mawili. Huo mwembe una tawi nene kweli, nikifunga cheni bloku (kapi ya mnyororo ya kunyanyulia) hapo si nitakuwa nimeokoa pesa ya winchi? La pili, namba ya injini kwenye logibuku inakuwaje?

#7

Huyu wa Mombasa nimjibu mimi wa Mwanza, maana nimelelewa gereji za chini ya miti. Tawi bichi linapinda kabla ya kuvunjika na halikuambii limebeba kiasi gani. Kinachoniogopesha zaidi ni kwamba tawi haliendi popote: ukishainua injini, inabidi usukume gari litoke chini yake huku mzigo unaning'inia, na gari likigonga mzigo, kila kitu kinayumba. Kama winchi huipati, tafuta mabomba matatu ya chuma ya kutengeneza stendi ya miguu mitatu, miguu ifungwe kwa mnyororo isitanuke, na cheni bloku ya tani 1; hapo pia gari litasukumwa, kwa hiyo lisukumwe polepole. Paa la nyumba usiliguse kabisa. Mbao za kenchi zimewekwa zibebe bati.

Na injini ishikwe kwa masikio yake ya chuma yaliyofungwa kwenye hedi, wala usipitishe kamba chini ya manifodi. Wakati wa kuivuta mmoja tu ndiye atoe amri. Watu watatu wakipiga kelele "inua, shusha" ndipo vidole vinapobanwa.

#8 Mleta uzi

Nasimama na #7 neno kwa neno.

Kuhusu namba: kadi ya gari ya Tanzania (ndiyo logibuku yenu) ina namba ya chasisi na namba ya injini. Ukibadili injini, kadi haifanani tena na gari, na siku ya kuuza, ya ajali, au ya kukaguliwa barabarani, hilo linakuwa tatizo lako. Taarifa inapelekwa TRA (mamlaka ya mapato) ili kumbukumbu zibadilishwe. Huko Kenya wanaohusika ni NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani). Sehemu zote mbili utaulizwa injini umeipata wapi, na hapo ndipo risiti yenye namba inapokuokoa. Injini isiyo na karatasi hata iwe ya bei ya kutupa iache, maana inaweza kuwa imetolewa kwenye gari la mtu anayelia kituo cha polisi.

Bima nayo iambie, hasa ukibadili cc.

#9

Mkuu mimi nilishafunga yangu kwa fundi wiki chache zilizopita, 5A hiyohiyo. Inawaka vizuri, ila ikiwa sailensa (inawaka bila kukanyagwa mafuta) inapanda na kushuka yenyewe, kama inahema. Fundi anasema kontroli boksi imekufa ninunue nyingine. Ninunue?

#10 Mleta uzi

Usinunue bado, mkuu. Anza na vitu visivyo na gharama.

Kwanza angalia maji. Hewa ikibaki kwenye mfumo wa kulanti, sensa ya joto na valvu ya sailensa zinapata mara maji, mara hewa, na injini inahema hivyo hivyo. Egesha gari pua ikiwa juu, injini ya baridi, mfuniko wa rejeta wazi, hita imewekwa moto wa mwisho. Washa, acha thamostati ifunguke, ongeza kulanti mapovu yanapotoka mpaka yakome. Kama thamostati yako imetolewa, soma #5.

Pili, hewa ya kuiba. Pitia kila hosi ndogo ya vakyumu kati ya throto na manifodi, na hosi ya breki ile nene. Zikiwa za injini ya mtumba mara nyingi zimekauka na kupasuka kwa chini usipopaona. Injini ikiwa inawaka, zibane kwa vidole moja moja. Ukibana moja mlio ukatulia, umeipata.

Tatu, taimingi ya distributa, yaani wakati wa plagi kutoa cheche. Fundi akiifunga kwa kusikiliza tu, kontroli boksi inapambana nayo muda wote. Kwenye kiboksi cha uchunguzi kilichopo chini ya bonneti unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, injini ikiwa ya moto, halafu taa ya taimingi ikuoneshe nyuzi 10 kabla ya TDC (pistoni kufika juu kabisa). Ukitoa waya taimingi inajisogeza yenyewe.

#11 Fundi wa #4

Hapo kwa #9 naunga mkono. Kontroli boksi za gari hizi kufa ni nadra mno, na huwa ndiyo ya kwanza kusingiziwa. Anza na hosi ya breki.

#12 Yule wa #9

Wakuu, nimerudi. Ilikuwa hosi ya vakyumu chini ya throto, imechanika upande wa nyuma, kioo cha mkononi ndicho kilichonionesha. Nimekata kipande kipya, sailensa imetulia. Thamostati nimefungua nyumba yake, hamna kitu ndani. Jumamosi naenda Gerezani kuitafuta, naomba mnikumbushe nyuzi ngapi.

#13 Mleta uzi

Nyuzi 82, mkuu, imeandikwa kwenye sahani yake. Chukua na mpira wake mpya. Kabla ya kuifunga, itumbukize kwenye sufuria ya maji ya moto jikoni uione kwa macho inafunguka; isipofunguka, irudishe dukani siku hiyohiyo.